Vazi la stara nililoshonesha mjini: nimeogelea, nimeendesha baiskeli na nimekimbia nalo kilomita 113

Asalaam alaykum jamani. Tangu nirudi Rwanda mwezi wa nane inbox yangu imejaa suali moja tu, lile vazi umelipata wapi, lile vazi umenunua bei gani, mwengine kaniuliza kama waliniruhusu kweli au niliingia kwa kujificha. Kumjibu mmoja mmoja nimeshindwa ndo nikaona niandike hapa yote, mazuri yake na mabaya yake, mana nimelivaa miezi mitano ya mazoezi na siku nzima ya mashindano na nnalijua kila mshono.

Kwa asiejua mashindano yenyewe, hii ni triathloni ya nusu masafa. Unaogelea kilomita 1.9, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 90, ukishuka unakimbia 21.1, na saa haisimami hata ukiwa umekaa chini unavaa viatu. Ile 70.3 mnayoiona kwenye fulana za watu ni jumla hiyo hiyo kwa maili, kwa kilomita ni 113. Mie nilikwenda Ironman 70.3 ya Rwanda, inafanyika Rubavu pale Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma, ilianza 2022. Ndo mara yangu ya kwanza kwa masafa haya, kabla ya hapo nilikuwa nakimbia tu na kuogelea kwa kupenda.

Sasa wengi wanavaa trisuti, kile kivazi kimoja cha kubana, mikono mifupi na mapaja nje, wanaogelea nacho na wanamaliza nacho. Mie sivai hivyo. Natoka nyumbani na buibui na mtandio kila siku ya Mungu na sikuona sababu ya mashindano kunibadilisha, na pia sikutaka nikose mashindano kwa sababu ya nguo. Niliwaandikia waandaaji mapema, miezi minne kabla, nikawatumia na picha ya vazi, wakanijibu kwamba naruhusiwa. Na hili si jambo geni, Muirani Shirin Gerami alishindana London 2013 amejistiri kichwa mpaka mguu, na 2016 akamaliza masafa kamili kule Kona, Hawaii. Kwa hio dada zangu, kabla hujasema "hawatanikubali" andika kwanza uulize, na uulize mapema.

Mwanzo nilinunua mtandaoni. Burkini, ile nguo ya kuogelea ya kujistiri, ya dola 60, na usafiri wake juu, kwenye picha nzuri mno. Siku ya kwanza nikaenda nayo ufukweni Kizingo, hapa kwetu Unguja, baada ya sala ya alfajiri, maji yamejaa, mjomba wangu yuko na ngalawa yake pembeni ananitazama. Sikufika hata mita 200. Hewa iliingia mgongoni ikajifunga pale ikawa kama nimebeba mto, blauzi ikapanda mpaka kifuani, na kofia ya nyuma ya shingo ikajaa maji kama mfuko wa rambo, kila nikigeuza kichwa kuvuta pumzi inanivuta nyuma. Mabega ndo yaliuma kuliko yote, mana nikinyoosha mkono mbele kitambaa chote cha ubavuni kinavutwa nao, kwa hio kila mkono ninaopiga ni kama nanyanyua nguo nzima. Niliivumilia wiki tatu. Ile nguo ni ya kuchezea ufukweni na watoto, kwa hilo inafaa na mpwa wangu anaitumia mpaka leo, ila ya kuogelea kilomita mbili sio.

Ndo nikapelekwa na mama yangu kwa fundi huyu. Ni bibi wa miaka sitini na kitu, anashonea nyumbani kwake humu mjini, kazi zake madera, sare za skuli na kanzu za kiume, na kanzu ndo anazosifiwa. Jina lake siliweki hapa kwa sababu hakutaka. Nikampa shikamoo, nikamweleza, nikamuonesha ile burkini na picha za trisuti kwenye simu. Akazitazama kimya, akaivutavuta ile burkini pale kwapani, akaniuliza, "Mwanangu, huku majini mkono unakwenda vipi hasa? Nioneshe." Nikamuonesha nimesimama. Akasema hapana, lala kama unavyolala majini. Akanilaza kifudifudi juu ya kibao kirefu anachopigia pasi, akaniambia piga mikono, na mie napiga mikono ndani ya ukumbi wa watu yeye ananizunguka na chaki na futi kamba, ananipima mkono ukiwa juu, ananipima mkono ukiwa ubavuni, anaandika namba mbili mbili. Kutoka kwapani mpaka kiunoni, tofauti ya mkono uliyonyooshwa na mkono uliyoshuka ilikuwa sentimita 11. Akanionesha hio namba kwa kidole akasema hizi 11 ndo zinazokuumiza.

Na dawa yake hakuitafuta mbali. Mwenye kujua kanzu anajua pale kwapani haikatwi tu ikaungwa, huwekwa kikwapa, kile kipande kidogo kinachompa mtu nafasi ya kunyanyua mkono bila kanzu nzima kupanda. Yeye akakiweka kikwapa kwenye nguo ya kuogelea. Kakikata kikubwa kuliko cha kanzu, umbo la almasi, na kakigeuza kitambaa ili kinakovutika zaidi kuende na urefu wa mwili. Wallahi nilipoingia nayo majini mara ya kwanza nilisimama nikageuka kumtazama mjomba, sikuamini. Mkono unakwenda mbele na nguo imekaa kiunoni pale pale.

Vazi lenyewe ni vipande viwili. Suruali ya kubana mpaka kifundo cha mguu, na juu blauzi ya mikono mirefu inayofika katikati ya paja, imepasuliwa pembeni ili miguu isizuiwe, na kofia imeungwa pale pale shingoni. Ndani kiunoni kuna vitanzi vinne vya lastiki vinavyofunga blauzi na suruali, ndo mana haipandi. Kila kiwiko na nyuma ya shingo kaacha safu ya vitundu vidogo kazungushia uzi, maji yanatokea hapo. Zipu iko mbele mpaka kifuani. Kitambaa ni kile cha kuvutika cha nguo za kuogelea, rangi ya kijivu, na nilitaka nyeusi yeye ndo alienikatalia, kanambia nyeusi itakupika juani na baiskeli unakaa masaa. Alishona kwa ovaloki halafu akapita juu yake na zigizaga, sindano ya ncha butu ile isiyokata nyuzi, na kila mshono unaogusa ngozi kaulaza bapa.

Kuna siku alinifurahisha sana na nnaiandika kwa sababu inaonesha mtu anavyojali kazi yake. Alitaka kujua nguo inabeba maji kiasi gani. Tukaenda nazo zote mbili, yake na ile ya mtandaoni, kwa kijana anaeuza tungule pale nje kwake, tukamuomba mizani. Kavu zilikuwa karibu sawa, yake gramu 520 na ile nyengine 560. Tukazitia kwenye ndoo, tukazinyanyua, tukazining'iniza tukahesabu mpaka 90, tukapima tena. Ile ya mtandaoni kilo 1 na gramu 900. Ya fundi kilo 1 na gramu 150. Kijana wa tungule mwenyewe akarudia kupima akidhani mizani imekosea. Bibi akaichukua yake akaiminya kwenye mapindo, akasema pindo la chini bado linaficha maji, akalifumua siku hio hio akalifanya jembamba.

Mazoezi nilifanya kusi ikiwa imeshaanza, bahari ya asubuhi inachafuka mapema, na mwenye kuogelea kwetu anajua lazima uende na ratiba ya maji, siku za bamvua ukichelewa masaa mawili unakuta unatembea. Hili vazi lilinisaidia kitu ambacho sikukifikiria, konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaounguza ngozi. Mwezi mmoja walikuwepo wengi, nao waliovaa bukta walitoka na alama mpaka usoni, mie waliniunguza vidole na shavu tu. Baiskeli nilikuwa napiga njia ya Tunguu, Jozani mpaka Paje na kurudi, kama kilomita 100, alfajiri kabla ya magari ya wageni. Pale Jozani kuna yale matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, unapunguza mwendo unakuwa wima kidogo kwenye siti, na hapo ndo nilipoijua kasoro ya kwanza ya suruali, nitaifikia.

Siku ya Rubavu sasa. Ziwa Kivu liko juu, kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na sie Unguja kilima chetu kirefu hakifiki hata mita 150, kwa hio pumzi niliijua tofauti yake siku tatu kabla, nikipanda ngazi za nyumba niliyofikia. Na maji ni baridi ya ladha, hayana chumvi. Mliozoea bahari mnisikilize hapa. Chumvi inakunyanyua bila wewe kujua, ukiingia maji baridi miguu inazama, na ukiwa na nguo nzito inazama zaidi. Siku mbili kabla niliogelea dakika 20 nikatoka na hofu. Nikampigia fundi simu, kweli kabisa, yuko jikoni kwake anapika, nikamwambia nahisi nazama nyuma. Akaniuliza vitanzi umefunga vyote vinne? Nilikuwa nimefunga viwili vya mbele. Siku ya pili nikafunga vyote, nyuma pakakaa bapa, nikaogelea vizuri.

Nilitoka majini kwa dakika 52. Mashindano mengi ya umbali huu yanakupa saa 1 na dakika 10 kwa kuogelea, kwa hio nilikuwa na nafasi nzuri. Ndani ya maji kofia haikujaa hata mara moja, miwani niliivaa chini ya kofia ili watu wakikupiga mkono isitoke, na kwenye kundi la mwanzo utapigwa mkono, usiichukulie vibaya. Kile kibao cha kuhesabia muda unafunga kifundo cha mguu wa kushoto, mie nilikifunga juu ya suruali, hakikusumbua.

Sehemu ya kubadilishia nilitumia dakika 6 na hapa ndo vazi lilinilipa. Wengine wanapangusa, wanavua, wanavaa. Mie nilitembea nikiminya mikono, maji yanatoka vitunduni, nikafika kwenye baiskeli nikavaa helmeti juu ya kofia ile ile, nikaifunga kamba kabla sijaigusa baiskeli mana hio ni sheria, ukiigusa helmeti haijafungwa unaadhibiwa. Soksi, viatu, nikatoka. Sikuwa na haja ya kutafuta pa kujificha kubadilisha nguo, wala kushika mtandio unaopeperuka.

Baiskeli saa 3 na dakika 57. Njia ina milima kuliko yote niliyowahi kupanda maishani. Nguo ilikauka kabla sijamaliza saa ya kwanza, mgongo ndo uliomaliza kukauka mwisho. Kwenye mteremko blauzi haikupiga upepo hata kidogo, ile pasuo ya pembeni nilikuwa na wasiwasi itapepea ikaingia kwenye gurudumu lakini fundi alikuwa ameshaipigia lastiki nyembamba ndani, imekaa kwenye paja. Ukumbuke pia hakuna kujificha nyuma ya mwenzio, unaacha mita 12, kwa hio upepo wote ni wako na nguo inayopepea ingenichosha vibaya.

Kukimbia ndo palikuwa pagumu, na si kwa sababu ya nguo. Saa 2 na dakika 44. Kila kituo cha maji nilikuwa napokea vikombe viwili, kimoja nanywa, kimoja najimwagia kifuani na kwenye kofia, kitambaa kinakaa na ubaridi huo dakika tatu nne hivi halafu kinakauka, na jua lilipopanda nilijiona nina nafuu kuliko walioacha mabega wazi. Watu wa Rubavu wanakaa njiani wanapiga makelele, "Komera! Komera!", yaani jikaze kwa Kinyarwanda, na wengi wanajua Kiswahili, bibi mmoja amebeba mjukuu mgongoni kaniona na kofia yangu akapaza sauti "Endelea mama, umefika!" Nilikuwa bado kilomita 6 lakini nililia pale pale nikaendelea kukimbia. Nikamaliza kwa saa 7 na dakika 44, na kikomo cha kawaida cha masafa haya ni saa 8 na nusu.

Haya, kasoro. Ya kwanza ni ile ya suruali niliyosema. Pedi ya baiskeli, kile kisponji cha kukalia, tuliichomoa kwenye bukta ya mtumba niliyonunua Darajani kwa shilingi 7,000, ni nzuri lakini mshono wake wa nyuma haukulazwa bapa kama mengine, fundi aliogopa kuupunguza pedi isifumuke. Kwenye safari za saa 2 huuhisi. Kwenye 90 nilichubuka pande zote mbili, na nilikuwa nimepaka vaselini nyingi. Tulishauona Jozani ule, tungeushughulikia mapema. Atakaeshonesha amwambie fundi pedi ishonwe kwanza peke yake kwenye kitambaa halafu kitambaa ndo kiungwe na suruali.

Ya pili, kofia na helmeti. Kofia ina mshono unaopita juu ya sikio, na kamba ya helmeti inapita hapo hapo. Baada ya saa 3 nilikuwa na alama na maumivu upande wa kushoto. Vaa helmeti yako siku ya kupimwa, mie nilikwenda bila yake, hilo kosa langu.

Ya tatu ni muda. Aliniambia wiki 2, ikawa wiki 5, mana Sikukuu iliingia kati na kanzu za watu ziko mbele. Ukimpelekea kazi mwezi wa Shaabani au Ramadhani ujue unasubiri mpaka mfungo mosi umalizike. Simlaumu, ni mtu mmoja na cherehani mbili, lakini kama una tarehe ya mashindano nenda miezi mitano kabla, upate muda wa kuvaa, kurudisha, kurekebishiwa. Mie nilirudi kwake mara nne.

Bei, kwa sababu ndo wengi mnaulizia. Kitambaa mita 3, nililetewa kutoka Kariakoo, shilingi 18,000 kwa mita, 54,000. Ushonaji 60,000, na marekebisho yote hakunichaji tena. Zipu, lastiki na uzi 9,000. Pedi 7,000. Jumla 130,000, ni chini ya ile burkini ya mtandaoni hata kabla hujahesabu usafiri wake. Kitambaa kitafute mwenyewe, kivute kwa mikono pande zote mbili dukani, kinachovutika upande mmoja tu usinunue, na ukinyooshe mbele ya mwanga, kikionesha vidole vyako kavu kitaonesha zaidi kikirowa.

Nampa nyota nne na nusu, hio nusu niliyoikata ni ya pedi na muda. Nnajua Nungwi Mradi wa Panje umefundisha wasichana wengi kuogelea, na nnajua wengi wetu tukishajua kuogelea tunaishia pale pale kwenye kina cha kifua kwa sababu ya nguo, nimewaona na nilikuwa mmoja wao. Hio sentimita 11 ya kwapani ndo nnataka muikumbuke, hata kama unashonesha kwa fundi mwengine, Wete au Chake au popote. Mwambie akupime mkono ukiwa juu, na aweke kikwapa kama cha kanzu. Fundi yoyote wa kanzu atakuelewa.

Ukitaka nambari ya huyu bibi niandikie nimuulize kwanza. Kwa sasa ana vazi la shoga angu mezani, wa kwanza baada yangu, na langu nampelekea Jumamosi, goti la kushoto mshono umeanza kuachia kwa ndani na nataka auwahi kabla sijarudi majini.